HTT-40: ile miaka ya spini ambayo watu wanaibeza

Kila ikitajwa HTT-40 ya HAL, kampuni ya kutengeneza ndege kule India, watu wanakimbilia kuhesabu miaka, eti imeruka mara ya kwanza Mei 2016 mkataba wa jeshi kuinunua umekuja Machi 2023, sasa huo si uzembe? Mi naona wanasahau ndege yenyewe ni ya kufundishia, atakayeiendesha ni mwanafunzi.

Na mwanafunzi ndo anaingia kwenye spini bila kutaka. Anapunguza spidi kupita kiasi, anakanyaga pedali vibaya, bawa moja linaacha kubeba kabla ya lenzake, ndege inaanza kuzunguka kama pia huku inashuka. Kwa hiyo ndege ya mafunzo lazima izungushwe makusudi, kushoto na kulia, halafu itoke kila mara kwa njia ileile anayofundishwa darasani. HTT-40 ilisumbua hapohapo, wahandisi wakarudi kubadilisha mkia, majaribio yakaanza upya, mpaka 2021 ndo wakafikisha mizunguko sita. Hii kazi haina njia ya mkato jamani, hewa ikishavurugika juu ya bawa na kufunika mkia hata hesabu za kompyuta zinayumba, mwisho lazima rubani apande akazunguke nayo kweli.

Jeshi la anga la India nalo lina hoja ya kununua nje. Mwaka 2009 HPT-32, ndege zao za mafunzo za zamani, zilisimamishwa baada ya ajali, wanafunzi wakahamishiwa kwenye jeti za Kiran, na huwezi kumwambia mkufunzi asubiri ndege iliyo bado kwenye karatasi. Wakanunua ndege 75 za mafunzo aina ya PC-7 Mk II za Pilatus ya Uswisi mwaka 2012, ndege iliyokamilika na inayojulikana, HAL ikabaki inaendelea na mradi kwa hela zake yenyewe.

Ila ukinunua PC-7 unapata ndege, yale majibu ya kwa nini mkia wake umekaa vile yanabaki Uswisi. HAL sasa wanayo ya kwao, na ndege ijayo hawataanzia sifuri.

Mi kinachonipa wasiwasi ni injini. Oda ni ndege 70, zaidi ya rupia bilioni 68, na zote zinabebwa na TPE331 ya Honeywell ya Marekani. Mkia wanaweza kuurekebisha wenyewe Bengaluru, injini ikichelewa hawana la kufanya zaidi ya kusubiri.