Mtoto amulikwe macho kabla hajatoka hospitali

Hapa Lamu mtoto akizaliwa na mboni nyeupe, maneno hutangulia matibabu. Mara ni kijicho cha watu, mara mama alipita pasipopitwa akiwa mjamzito. Mimi nasema waziwazi: mama huyo hana kosa, na kila wiki inayoishia kwenye kutafuta wa kulaumiwa inampunguzia mtoto uwezo wa kuona.

Nyuma ya mboni kuna lenzi. Seli zake zikikomaa hutupa kiini na karibu kila kilichomo ndani, ili mwanga upite bila kizuizi. Hubaki zimejaa protini ziitwazo kristalini, na seli isiyo na kiini haitengenezi protini mpya. Kwa hiyo bibi wa miaka 80 anayekutunukia dua pale dakani, protini za katikati ya lenzi yake ni zile zile alizokuwa nazo tumboni mwa mamake. Sijui sehemu nyingine ya mwili inayonistaajabisha kama hii. Subhanallah.

Mojawapo ya protini hizo, kristalini ya alfa-A, ina asidi amino 173, yaani vipande vidogo vinavyoungana kuwa protini, na maagizo ya kuitengeneza yamo kwenye jeni iitwayo CRYAA, katika kromosomu ya 21. Mwaka 1992 mtafiti Joseph Horwitz alionyesha kwamba kristalini za alfa zina kazi ya ulinzi pia: huzishika protini nyingine zinazoanza kuharibika umbo, zisije zikagandana kama ute wa yai motoni. Zikigandana, lenzi huingia ukungu, nao ndio mtoto wa jicho. Mwaka 1998 ikaelezwa familia ambayo asidi amino moja tu ya alfa-A, ya 116, ilikuwa imebadilika, arginini ikawa sisteini. Moja kati ya 173, na watu wake wakazaliwa na mtoto wa jicho.

Kasoro ya namna hiyo hutoka kwa baba sawa na kwa mama, na kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Ziko nyingine ambazo hujitokeza pale tu mtoto anapozirithi kutoka pande zote mbili, na hapo ndoa za binamu huongeza uwezekano. Najua uzito wa kauli hii katika mji wetu, lakini ni afadhali izungumzwe kuliko bibi arusi kubebeshwa lawama peke yake. Si kila kisa ni cha jeni, lakini. Ugonjwa wa rubela wakati wa mimba nao huleta mtoto wa jicho, na chanjo yake ipo.

Kinachoniuma ni wakati. Ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo. Ukungu ukiwa mzito, upasuaji unatakiwa ndani ya wiki 6 hadi 8 hivi za kwanza. Ukichelewa, hata lenzi ikitolewa jicho hubaki vivu. Sasa hesabu mwenyewe: boti hadi Mokowe upande wa bara, basi, foleni za hospitali, nauli ya kutafuta. Wiki hizo hazitoshi kuanza na mabishano nyumbani.

Kupima kwenyewe ni jambo dogo. Nimemwona muuguzi akifanya: alishusha pazia, akangoja mtoto afumbue macho mwenyewe, akaweka kifaa chake chenye taa karibu na jicho lake mwenyewe na kumulika mboni zote mbili za mtoto. Ziking'aa wekundu sawasawa, vyema. Moja ikiwa nyeupe au nyeusi, mtoto apelekwe kwa daktari wa macho. Haikufika hata dakika moja.

Nataka kila mtoto anayezaliwa kaunti hii apimwe hivyo, kama anavyopimwa uzito. Na kliniki ya wajawazito iulize mapema kama kuna aliyepasuliwa macho utotoni katika ukoo, jibu liandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Baba naye aulizwe, na wazee wa upande wake wasifiche.