Kuanza Tu, Shughuli

Nina boti ya mashine pale Deep Sea, hapa Tanga. Samaki wakipatikana nauza samaki. Wasipopatikana nawapeleka wageni kisiwa cha Toten wakatazame magofu ya misikiti.

Juzi usiku simu ikalia. Mgeni, mama wa Kiingereza, kaandika: What time do we set off? Nikaisoma mara tatu. Off naijua, iko kwenye swichi ya sebuleni kwangu: on inawaka, off inazima. Nikaona mama wa watu ana hofu tutazimikiwa katikati ya maji. Nikamtuliza: No off, madam. Engine very good, only on.

Kimya.

Binti ya kaka yangu, yuko kidato cha tatu, kaichukua simu, kacheka mpaka kakaa chini. "Ami, set off ni kuanza safari!" Kuanza! Na off imo humo humo! Watu wazima hao, wanaondoka kwa kuzima?

Haya. Nikaandika upya: We begin the engine at seven. Akaninyang'anya simu. Mashine haibegini, ati. Mvua inabegini, mkutano unabegini, hata ugomvi ukitaka, ila mashine ni start peke yake. Kwa nini? Mwalimu hakusema. Alichosema ni kwamba start, zamani za zamani huko Uingereza, maana yake ilikuwa kuruka. Hapo nikaridhika, maana mashine yangu ukiivuta kamba alfajiri inaruka kweli, na mwenye mashine anaruka nayo. Start nimeikubali. Haina makuu: started, basi. Begin ndiyo niliyoilia fimbo shuleni. Begin, began, begun, ukifumba jicho imeshabadilika, utadhani bei ya petroli.

"Basi niandike commence," nikasema, "naionaga kwenye kadi za harusi."

"Hiyo ya suti, ami. Waliivusha watu wa Normandy, walipotoka Ufaransa kwenda kuwatawala Waingereza mwaka 1066."

Sasa mtu ulishatawaliwa, mtawala zama zake zimepita, mbona neno lake hukumrudishia? Begin unayo, start unayo, ya tatu ya nini? Sisi Mjerumani alituachia shule, tukabaki na shule, mambo yakaisha. Ingawa chuo tulikuwa nacho. Na madrasa. Na Zanzibar wana skuli. Tuliache hilo.

Embark ilinivutia, kwa sababu ndani yake, anasema, mna chombo cha matanga. Nikadhani hilo letu, sisi watu wa pwani. Kumbe siku hizi wanaembaki mpaka mradi wa kuku.

Wakati wote huo mke wangu yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, hasemi. Mwanamke wa Tanga akinyamaza hivyo, jihesabu.

"Hebu nikuulize mie," akasema. "Wewe ukitaka kuanza safari, wafanya nini?"

"Nafunga safari."

"Na ndoa yetu ilianzaje?"

"Tulifunga ndoa."

"Mwezi wa Ramadhani ukiandama?"

"Twafunga."

"Na lile duka la jirani, saa nne usiku?"

Nikajitia natafuta chaja.

"Lafungwa," akajijibu mwenyewe. "Sasa huyo mama wa watu akija kujifunza Kiswahili, akakuuliza hapo kipi kimeanza na kipi kimekwisha, utamwambiaje?"

Binti ya kaka yangu alikuwa chini tena.

Nikatoka barazani na simu yangu. Nikaandika: Seven. Come.

Akanirudishia kidole gumba.