Acha Bodi Ichafuke, Osha Magurudumu na Chini ya Gari

Gari langu ni jeusi, lakini kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Machi hakuna jirani anayeweza kuapa kwamba ndivyo lilivyo. Huwa la kijivu lenye michirizi myeupe, kama mtu aliyetoka kinuni kusaga mahindi, na nikiliegemea kwa kusahau, koti langu hubaki na alama ya chumvi mgongoni. Ninaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako wastani wa joto la Januari ni karibu nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Kila Jumapili ninapozungumza kwa video na mjomba wangu aliyeko Kisumu, gari hilo huonekana nyuma yangu, naye huniuliza swali lilelile: “Mpwa wangu, huko Amerika hata maji mmekosa?”

Swali lake si mzaha mtupu. Nilikulia katika mji ambao gari chafu humwaibisha mwenyewe kabla hajafungua mlango, mji wenye ufuo wa Lwang’ni, ambako vijana walikuwa wakiyaingiza magari ziwani hadi maji yakafika katikati ya magurudumu, wakayasugua huku wenye magari wakila samaki vibandani. Nilihamia huku pamoja na aibu hiyo. Katika msimu wangu wa kwanza wa baridi, siku ambayo kipimajoto kilisoma nyuzi 12 chini ya sifuri, nilibeba ndoo tatu za maji ya moto kutoka bafuni, kwa maana bomba la nje hufungwa mapema ili lisipasuke, nikaosha bodi na vioo. Maji yaliganda kabla sijazunguka upande wa pili. Asubuhi iliyofuata milango yote minne ilikuwa imegandamana na fremu, nami nikaivuta kwa nguvu za ujana, na raba ya mlango wa dereva ikachanika. Fundi aliyenibadilishia raba hiyo aliniambia nishukuru kwamba kioo cha mbele hakikupasuka, kwa sababu kioo chenye baridi kali kikimwagiwa maji ya moto hutanuka upande mmoja na kubaki kimebana upande mwingine. Maji yaliyomwagika uani nayo yakawa sakafu ya barafu, na mleta barua nusura aanguke chali.

Tangu siku hiyo nimebadili msimamo, na sasa ninautetea hata mbele ya mjomba: wakati wa baridi, bodi si jambo la kuhangaikia. Kinachostahili maji, muda na fedha ni magurudumu na sehemu ya chini ya gari. Wengi wetu tuliotoka nchi za joto tunaosha kile kinachoonekana na watu, ilhali uharibifu unaendelea mahali ambapo hakuna anayeinama kutazama. Wapo pia wenyeji wanaosema kwamba hakuna haja ya kuosha chochote hadi Aprili, kwa kuwa gari litachafuka tena kesho yake. Hao nao ninawapinga, tena kwa sababu hiyohiyo.

Sababu yenyewe ni chumvi. Chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu ni kloridi ya sodiamu, jamaa ya ile tunayotia kwenye ugali wa watoto, na kazi yake ni kushusha kiwango ambacho maji huganda. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Yaliyochanganyika na chumvi ya kutosha yanaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, ingawa barabarani chumvi hiyo huanza kuzembea mapema zaidi, karibu na nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa kuwa huyeyusha barafu polepole mno kuweza kumsaidia dereva. Baridi ikizidi hapo huongezwa kloridi ya magnesiamu au ya kalsiamu, na hizi ndizo ninazoziogopa zaidi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewa na kulowa pale unyevu huo unapofika asilimia 75 hivi; kloridi ya magnesiamu, katika joto la kawaida la ndani ya nyumba, hufanya hivyo unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Maana yake ni kwamba gari unaloliona limekauka linaweza kuwa limelowa huko chini mchana kutwa, na chuma kilicholowa maji ya chumvi hupata kutu haraka kwa sababu maji hayo hupitisha vizuri mkondo mdogo wa umeme ambao bila huo kutu haifanyiki.

Kutu, kama mimi, huzubaishwa na baridi kali. Gari lenye chumvi likiachwa nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri huoza polepole sana, lakini likiingizwa katika gereji yenye joto, likiwa na mabonge ya theluji chafu yaliyonasa kwenye madigadi, mabonge hayo huyeyuka na kuloweka kila kona ya chesisi usiku kucha. Jirani yangu mmoja hujivunia gereji yake yenye kipasha joto, nami humwonea gari lake huruma. Kwa hiyo siamini ushauri wa kuosha kila wiki bila kutazama hali ya hewa. Mimi hufuata kipimajoto: hali ikiwa chini ya nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri, ninaliacha gari lilivyo, kwa kuwa maji nitakayoongeza yatageuka barafu na kutu imelala; joto likipanda hadi kuikaribia sifuri au kuipita, baada ya siku kadhaa za chumvi, hiyo ndiyo siku ya kwenda kuosha, kwa sababu ndiyo siku ambayo kutu nayo inaamka.

Ninaanza na magurudumu kabla ya kitu kingine chochote, na hapo ndipo ninapotumia nusu ya muda wote. Mtu ambaye hajaendesha kwenye theluji hajui kwamba rimu inaweza kubeba kilo kadhaa za theluji na barafu upande wake wa ndani. Mzigo huo hauenei sawasawa, na usukani huanza kutetemeka ukifika mwendo wa barabara kuu, kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani nati zimelegea nikasimama kando ya barabara nikizikagua moja baada ya nyingine. Tiba ilikuwa kijiti cha mbao na dakika kumi za kukwangua. Ndiyo maana bomba la presha lazima lielekezwe katikati ya mikono ya rimu na kuingia nyuma yake, upande unaotazamana na breki, si kwenye uso unaong’aa peke yake.

Ule weusi unaong’ang’ania rimu ni mchanganyiko wa chumvi, lami na unga wa breki, na unga huo una chembe za chuma zinazotoka kwenye diski na pedi kila unapokanyaga breki. Chembe hizo hutua zikiwa za moto, zikajibandika kwenye rangi, kisha zikapata kutu hapohapo, hivyo vijidoa vya kahawia unavyoviona kwenye rimu ya aluminiamu si kutu ya rimu yenyewe, kwani aluminiamu haina kutu ya aina hiyo. Sabuni ya kawaida na brashi laini huondoa sehemu kubwa. Kwa kilichobaki zipo dawa zisizo na asidi ambazo zikikutana na chuma hugeuka rangi ya zambarau, zenye harufu ya yai viza inayokufanya ujutie kuzaliwa na pua. Zinafanya kazi, ila zisiachwe zikakauka. Dawa za asidi ninazikataa kabisa. Husafisha kwa dakika mbili, lakini zikipata mchubuko mdogo kwenye rangi hupenya chini yake, na chumvi ya wiki inayofuata itakuwa imefunguliwa mlango. Kitambaa na brashi ya magurudumu navyo visiguse bodi kamwe, kwa kuwa chembe hizohizo za chuma zitachora mistari kwenye rangi ya mlango.

Mtu anaweza kusema kwamba rimu ni pambo. Mimi nilidhani hivyo hadi majira ya kuchipua ya mwaka wangu wa tatu, fundi alipofungua nati zote za gurudumu la nyuma na gurudumu likakataa kutoka. Aluminiamu ya rimu na chuma cha habu, yaani kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, vikikaa pamoja katika maji ya chumvi hulana polepole, na unga mweupe unaotokana na hali hiyo hujaa kwenye upenyo na kushika kama saruji. Alilipiga tairi mateke, akaligonga kwa nyundo ya raba, akalizungusha akalipiga tena. Nilimtazama nikiwaza ingekuwaje iwapo pancha ingenipata usiku, kwenye theluji, nikiwa na jeki ya buti na watoto ndani ya gari. Unga mweupe huohuo hutokea pia kwenye ukingo wa rimu, pale tairi linapokalia, na kuliinua kidogo, hata hewa ikawa inavuja taratibu bila msumari wowote. Siku hizi nina rimu za chuma za bei nafuu kwa ajili ya matairi ya baridi, na zile za aluminiamu hulala stoo kuanzia Novemba. Rimu za chuma hazina sura, nakiri, lakini sioni sababu ya kuvaa viatu vya harusi kwenda kulima.

Baada ya magurudumu ni chini ya gari. Sina kifaa cha kufika huko, kwa hiyo ninalipia mashine yenye mabomba yanayorusha maji kutoka sakafuni kwenda juu, na ninaendesha polepole kuliko wanavyoelekeza. Kinachooza huko ni ekzosi, vishikio vya springi na mabomba membamba ya breki, na bomba la breki lililooza halikupi taarifa. Linapasuka siku unapokanyaga breki kwa nguvu kuliko kawaida. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaoagiza magari kutoka Japani wanaijua hofu hii kwa njia nyingine. Kwenye karatasi za minada ya huko herufi S huonyesha kutu, na C huonyesha kuoza kwa chuma, na gari lililokaa Hokkaido, kisiwa cha theluji nyingi, linaweza kufika Mombasa likiwa linameremeta juu huku chini yake pamepakwa rangi nyeusi mpya inayoficha mengi.

Kuhusu mashine zenye brashi kubwa zinazozunguka, msimamo wangu ni mfupi: wakati wa baridi siziingii. Brashi hiyo imekwisha kusugua mchanga na chumvi ya magari mengi yaliyotangulia, nayo itakusugulia bodi yako kwa mchanga huohuo. Uchafu uliokaa kimya juu ya rangi hauna madhara makubwa kuliko uchafu unaosukumwa.

Ukimaliza, maji yaliyobaki ndiyo hatari. Ninafuta kingo za milango na raba zake kwa kitambaa kikavu, ninafungua na kufunga kila mlango mara mbili tatu, kisha ninaendesha kilomita kadhaa nikikanyaga breki kidogo kidogo ili zipate joto zikauke. Nikifika nyumbani sivuti hendibreki, kwa kuwa pedi zilizolowa zinaweza kugandamana na diski na gari likagoma kuondoka asubuhi. Ninaliegesha mahali tambarare nikaliacha kwenye gia ya maegesho. Raba za milango huwa nimezipaka dawa ya silikoni tangu Novemba.

Jambo moja hunisumbua na sina jibu lake kamili. Mamlaka ya Kudhibiti Uchafuzi ya Minnesota husema kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya barabarani kinatosha kuchafua daima galoni 5 za maji, yaani karibu lita 19. Maji yanayomwagwa uani huingia mtaroni na kwenda moja kwa moja kwenye maziwa au mto Mississippi bila kusafishwa. Ya mashine ya kuoshea kwa kawaida huenda kwenye bomba la majitaka, ambako mafuta na sabuni hupunguzwa, lakini chumvi hupita tu, kwani mitambo hiyo haikujengwa kuitoa. Bado naona mashine ni afadhali kuliko uani. Ila siwezi tena kuwacheka vijana wa Lwang’ni kama nilivyokuwa nikiwacheka.

Utabiri wa Jumamosi hii ni nyuzi 2 juu ya sifuri, mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja. Nitakwenda asubuhi mapema kabla foleni haijafika barabarani, nitaosha magurudumu manne na chini ya gari, na milango nitaiacha na michirizi yake. Jumapili mjomba akipiga simu na kuuliza habari za maji, nitainama na kumwelekezea kamera nyuma ya rimu.