Korosho zake, akaunti ya mjomba

Wiki iliyopita nilimpeleka mtoto wa marehemu kaka yangu benki, Masasi. Ana miaka 16. Mama yake naye hayupo tena. Alimwachia mikorosho, na ni mtoto huyu anayepalilia, anayejifunga kitambaa puani kupulizia salfa ili ugonjwa wa ubwiri unga usiue maua, anayeinama kuokota kuanzia Oktoba huku yuko kidato cha pili.

Tulibeba cheti cha kuzaliwa, picha na barua ya mtendaji wa kijiji. Dada wa benki alitupokea vizuri, lakini jibu lilikuwa moja: hana NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, na NIDA ni mpaka afike miaka 18. Akaunti ya mtoto ipo, akasema, ila inafunguliwa na mzazi au mlezi, na anayetia saini kutoa hela ni huyo mlezi.

Mlezi ni mjomba. Na mjomba ndiye tuliyekuwa tunamkimbia.

Msimu uliopita korosho zilipokelewa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kwa jina la mjomba, zikaenda ghala kuu, zikapigwa mnada, malipo yakaingia kwenye akaunti ya mjomba. Mtoto alipouliza akajibiwa, "Unakula kwangu, unalala kwangu, unadai nini tena?" Sare za shule nilinunua mimi. Huku kwetu mjomba ana kauli, nami siibezi: mjomba wangu aliuza baiskeli yake ili nisome. Lakini wema wa mjomba wangu haumlindi mtoto huyu.

Tangu stakabadhi ghalani, huu utaratibu wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ianze hapa Mtwara mwaka 2007, malipo yamehamia benki. Ni jambo jema, hakuna anayetembea na mabunda ya noti porini. Ila maana yake ni kwamba asiye na akaunti hana lake kwenye mnada. Kinachombakia ni kangomba, ununuzi wa kichochoro nje ya mnada. Jioni bodaboda inapita, mtu anapima kwa kipimo chake, anataja bei yake, anatoa taslimu. Huyo haulizi NIDA. Kila msimu viongozi wanatuhutubia tuache kangomba, magari yanakaguliwa usiku, magunia yanakamatwa. Na mtoto aliyekuja mwenyewe benki, na cheti mkononi, anarudishwa nyumbani! Tunamsukuma kule kule tunakomkataza.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi na kulipwa. Alipwe wapi? Hata laini ya simu anayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole za mjomba. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliona msichana wa miaka 15 anaweza kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, mpaka Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikakubaliana na Mahakama Kuu kwamba hilo ni kinyume cha Katiba. Yaani miaka yote hiyo alitosha kubeba nyumba, hakutosha kubeba kitabu cha benki.

Najua, aliye chini ya miaka 18 hafungwi na mkataba, na benki ina haki ya kuogopa. Basi asikopeshwe. Lakini kuweka jasho lake mwenyewe si mkopo.

Ninachoomba ni kidogo. Kuanzia miaka 15, akaunti iwe kwa jina la mtoto, itambulike AMCOS, na hela isitoke bila saini mbili, yake na ya mlezi. Mlezi mwema hapotezi chochote hapo. Asiye mwema atalazimika kumtazama mtoto usoni kabla ya kuchukua.

Stendi, tukisubiri gari, alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Shangazi, mpaka nifike kumi na nane ni misimu mingapi?"

Nikamwambia miwili. Mmoja unaanza Oktoba hii.