Kwenye mito ya kusini, mimi namhofia kambale

Ukihamia majimbo ya kusini mwa Marekani na ukawa mpenzi wa kuvua, utaonywa kuhusu nyoka kabla hata hujaulizwa kama una leseni. Kila mtu ana kisa chake. Huyu aliangukiwa na nyoka mtumbwini kutoka kwenye tawi, yule alifukuzwa mpaka kwenye gari lake. Visa hivi nimevisikia sana, na bado nasema wengi wetu tunaovua huku tutatobolewa mikono na kambale, si na nyoka.

Nyoka yupo, sibishi. Anaitwa cottonmouth, ni jamii moja na moma wa kwetu, na anapatikana kuanzia Virginia hadi Florida na mashariki mwa Texas. Mnene, kichwa kipana. Ukimsogelea hujikunja, akatikisa mkia, akaachama kinywa cheupe pe. Sumu yake inaozesha nyama, si ya kuchezea. Ila hiyo sifa ya kukimbiza watu inanikera. Watafiti Whit Gibbons na Michael Dorcas waliwafuata nyoka hawa huko South Carolina, wakasimama kando yao, wakawakanyaga, wakawainua kwa mkono wa bandia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: kama nusu walijaribu kutoroka, na kati ya 36 walioinuliwa, waliouma ule mkono ni 13. Mimi ningeinuliwa hivyo ningeuma bila kufikiri.

Marekani nzima, watu 7,000 hadi 8,000 huumwa na nyoka wenye sumu kila mwaka, na wanaokufa ni kama watano. Wanaoumia zaidi kwa uvumi huu ni nyoka wa maji wasio na sumu, wale wa jenasi ya Nerodia, wanaopondwa kwa makafi kwa kufananishwa tu. Kumbe akiwa anaogelea, cottonmouth huelea mwili mzima juu ya maji, na hao wengine mara nyingi utaona kichwa tu. Na anayemfuata nyoka kwa kafi ndiye anayejipeleka mdomoni mwake.

Kambale sasa. Watu wanaogopa sharubu zake, ambazo hazimdhuru mtu. Silaha ni miiba mitatu: mmoja mgongoni, na mmoja kila ubavu. Akishtuka huisimamisha na kuikaza, huwezi kuilaza kwa nguvu. Juu ya miiba hiyo kuna ngozi yenye tezi za sumu. Ndiyo, sumu, mwaka 2009 Jeremy Wright wa Chuo Kikuu cha Michigan alikadiria kuwa spishi za kambale wenye sumu hazipungui 1,250. Haiui, lakini mkono unawaka na kuvimba, na bakteria wa maji ya mtoni wakiingia kidondani mambo huwa mengine. Waliokulia kwenye maziwa yetu na kumtoa gogogo, jamaa yake kambale, wavuni wananielewa.

Wala usihangaike na lile dubwana la kambale la kilo 65 lililovuliwa ziwa la Kerr, Virginia, mwaka 2011. Wadogo ndio wabaya, miiba yao bado mikali. Wapo pia wanaoingiza mkono mtupu kwenye mashimo ya kingo wakati kambale dume analinda mayai, ili awaume mkono wamvute nje. Texas iliruhusu mchezo huo mwaka 2011. Humo shimoni unaweza kukuta kasa, nyoka, au kuzama kabisa. Sina la kuwaambia.

Kambale mdogo mshike kwa juu: kiganja nyuma ya mwiba wa mgongoni, kidole gumba na cha shahada vikibana nyuma ya miiba ya ubavuni. Usimkanyage kwa kandambili ukijaribu kutoa ndoana. Akikuchoma, loweka mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kisha nenda ukapigwe picha ya eksirei, maana ncha ya mwiba hupenda kukatikia ndani.