Samaki wa tope naye apewe njia ya kuingia mpungani

Hapa Bukavu ukitaja samaki, mtu anawaza sambaza, halafu tilapia. Mimi namtetea samaki wa tope kama kambale, na ushahidi wangu unatoka mbali: samaki aitwaye dojo wa Japani.

Ni mwembamba, mrefu, ana masharubu kumi mdomoni. Hupapasa nayo chini akitafuta viluwiluwi vya mbu na vijidudu vingine. Maji yakikosa hewa, hupanda juu, huimeza, na utumbo wake hufyonza oksijeni. Maji yakikauka, hujizika topeni akangoja. Kiumbe mvumilivu hivyo, lakini saruji ilimshinda.

Kuanzia miaka ya 1960 mashamba mengi ya mpunga huko yalipangwa upya, na mifereji ya udongo ikawa ya saruji, yenye kina, chini kabisa ya usawa wa shamba. Dojo hutaga mayai katika mpunga uliofurika. Sasa akifika anakuta ukuta, na mfereji ukikaushwa hana tope la kujifukia. Dawa za wadudu nazo zikamzidishia. Ndege toki, ambaye dojo ni chakula chake, walibaki watano tu porini huko Japani, wote wakakamatwa kisiwani Sado mwaka 1981 ili wazalishwe. Walipoanza kurudishwa porini mwaka 2008, wakulima wa Sado walikuwa wakichimba mitaro ndani ya mashamba, samaki wapate maji hata shamba likikaushwa.

Mchele wa uwanda wa Ruzizi tunaula huku juu kila siku, na kila anayezungumzia kukarabati mifereji anataka saruji. Kwenye mfereji mkuu nakubali: ukivuja, mkulima wa mwisho hapati maji. Lakini mitaro midogo inayoondoa maji shambani ibaki ya udongo. Kambale wetu naye hupumua hewa, naye hufuata mafuriko kwenda kutaga kwenye majani yaliyozama. Tukimzibia, tumemnyang'anya mkulima kitoweo kisichonunuliwa.

Na mtu asimlete dojo mwenyewe! Australia ilipiga marufuku kumwingiza nchini mwaka 1986, naye tayari ameenea mitoni kule.

Kinachohitajika ni kidogo: mteremko wa mawe pale mtaro unapokutana na shamba, samaki aweze kupanda. Wakulima wauombe kabla ramani ya mifereji haijasainiwa.