Mnyororo sio mlolongo jamani

Kila kikao cha kilimo siku hizi ni mnyororo wa thamani tu (yaani hatua zote za zao kutoka shambani mpaka kwa mlaji), mkulima aingie kwenye mnyororo, vijana waingie kwenye mnyororo, na kuna watu hili neno linawakera kweli, wanataka tuseme mlolongo wa thamani. Na hawabwabwaji. Nenda Mkunazini pale Zanzibar, soko la watumwa lilipofungwa 1873, kuna sanamu za watu ndani ya shimo wana mnyororo shingoni, chuma chenyewe cha enzi zile. Ukitoka hapo mtu akikwambia "tunakuunganisha kwenye mnyororo" lazima ushtuke kidogo. Tena mnyororo huwa una mwenye kushika ncha, na mara nyingi sio mkulima. Hapo nawaelewa.

Ila mlolongo ni foleni. Wakenya waliopiga kura ya mlolongo 1988 wanaujua, watu wamepanga mstari nyuma ya mgombea wao, ukichomoka wewe wa nyuma anasogea, maisha yanaendelea.

Sasa angalia cheni ya baiskeli (mtaani mnyororo ndo cheni, na sijaona mtu anamkimbia fundi eti anamkumbusha utumwa). Pini moja ikichomoka pedeli inazunguka bure, tairi la nyuma wala halijui kama unakanyaga. Viungo vingine vyote vizima, vina grisi, lakini safari hamna. Maana hiyo mlolongo hauna.

Chukua korosho 2018. Mkulima wa Mtwara kavuna, kakausha, kapeleka chama cha msingi cha ushirika, mzigo uko ghalani, wanunuzi wakaja mnadani na bei ambayo wakulima wakaikataa, mwisho serikali ikasema inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo na wanajeshi wakapelekwa kusomba mzigo. Kiungo kimoja tu hicho, cha mnunuzi! Jiulize mwenye duka la mabati kule Newala alimuuzia nani wakati watu wanasubiri malipo, na yeye hata mkorosho hana.

Halafu korosho zetu nyingi bado zinaondoka ghafi, zinaenda kubanguliwa India na Vietnam. Ukisema mlolongo, mkulima anaonekana yuko kwenye foleni anangoja zamu yake, atulie tu. Ukisema mnyororo, anaweza kusimama kwenye kikao akamuuliza mheshimiwa, samahani, kiungo cha kubangua mmekiweka wapi?